Kawi ya mimea: ipi inamfaa mkulima wa nyanda za chai?

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta taa. Bei ikipanda, haichukui muda kufika nyumbani. Nauli ya matatu kutoka Litein hadi mjini Kericho hubadilika, gharama ya lori linalobeba majani mabichi hadi kiwandani hupanda, na unga dukani hufuata.

Sababu ni kwamba mafuta tunayotumia hutoka nje ya nchi. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Mafuta ya Turkana yaligunduliwa mwaka 2012, lakini petroli na dizeli tunazonunua kwenye vituo bado huletwa kwa meli zikiwa zimeshasafishwa. Vita vinapozuka mbali, au shilingi inapodhoofika mbele ya dola, mkazi wa Konoin au Kipkelion hulipa.

Ndiyo maana swali hili limeulizwa mara nyingi katika mikutano ya wakulima: tunao udongo mzuri na mvua ya karibu mwaka mzima, kwa nini tusilime mafuta yetu wenyewe?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini si kwa kila matumizi. Katika kaunti yetu ya Kericho na kwa jirani zetu wa Bomet, mimea inatufaa zaidi inapotoa joto la boila na joto la jiko, karibu na mahali ilipoota. Kuendesha magari kwa mimea ni kazi kubwa zaidi. Nchi yetu imewahi kuijaribu, na mafunzo yake yanafaa kujulikana kabla mtu hajang'oa mahindi au chai ili apande mmea mwingine.

Tunategemea nini leo?

Tutenganishe mambo matatu ambayo huchanganywa.

La kwanza ni umeme. Hapa Kenya inajitegemea kwa kiasi kikubwa: takriban asilimia 90 ya umeme hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mito yetu inachangia. Maji ya Itare na Kipsonoi hushuka hadi mto Sondu, ambako kituo cha Sondu-Miriu kina uwezo wa megawati 60.

La pili ni usafiri. Magari, pikipiki na matrekta hutumia petroli na dizeli, na hapa tunategemea nje kabisa.

La tatu ni joto, yaani kupika nyumbani na kukausha mazao viwandani. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55 ya familia nchini hupika hasa kwa kuni. Kwa hivyo kawi ya mimea si jambo geni linalosubiriwa. Ndiyo kawi inayotumiwa na Wakenya wengi zaidi jikoni, ingawa mara nyingi hutumika kwa hasara na kwa moshi mwingi.

Kawi ya mimea ni kawi yoyote inayotokana na kitu kilichoota: kuni, makaa, makapi ya miwa, ethanoli inayotengenezwa kwa molasi, dizeli inayokamuliwa kutoka mbegu, na bayogesi inayotokana na samadi au mabaki ya shamba. Samadi nayo ni nyasi iliyopitia tumboni mwa ng'ombe.

Boila la chai: mahali tulipokwisha kuanza

Mikaratusi ililetwa nchini mwaka 1902 ili kutafuta mti unaokua haraka wa kulisha injini za reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria. Garimoshi lilihama kwenye kuni zamani, lakini mkaratusi ulibaki, na leo kazi yake kubwa katika nyanda zetu ni kukausha chai.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Robo tatu au zaidi ya uzito wa jani bichi ni maji. Ili kupata kilo moja ya chai iliyo tayari, kiwanda huhitaji takriban kilo nne na nusu za majani mabichi. Hiyo ina maana kwamba kilo tatu na nusu hivi za maji lazima zitolewe, kwanza wakati wa kunyausha majani, halafu katika mashine ya kukaushia inayopuliza hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Umeme huzungusha mashine za kukata na feni, lakini sehemu kubwa ya kawi inayotumika kiwandani ni joto, na joto hilo hutoka kwenye boila. Kwa kawaida kilo moja ya chai huchukua zaidi ya kilo moja ya kuni.

Boila linaweza kuchoma mafuta mazito yanayoagizwa kutoka nje. Viwanda vinachoma kuni kwa sababu ni nafuu, na pia kwa sababu fedha ya kuni hubaki hapa: kwa mwenye miti, kwa wapasuaji na kwa wenye malori. Huku ndiko kujitegemea kwa vitendo. Kiwanda kinachokausha chai kwa kuni zilizopandwa hapa hakitikiswi sana na bei ya mafuta duniani.

Jambo hili linamgusa kila mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vya Momul, Tegat, Toror, Kapkatet, Litein, Mogogosiek au Kapset. Wakulima ndio wenye hisa katika viwanda hivi. Gharama ya kuni hutolewa kwanza, na kinachobaki baada ya gharama zote ndicho kinachogawanywa kama bonasi. Kuni zikitumika vibaya, bonasi hupungua.

Kuni mbichi zinatupunguzia bonasi

Mti uliokatwa leo una maji karibu nusu ya uzito wake. Ukitiwa kwenye boila hivyo, moto hufanya kazi ya kuchemsha maji yaliyo ndani ya gogo kabla ya kufanya kazi ya chai. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa takriban nusu ya joto la kilo moja ya kuni zilizokaushwa hadi maji yakabaki asilimia 20.

Ni kweli kwamba mti ukikauka hupungua uzito, kwa hivyo faida haiongezeki mara mbili kwa kila mti. Hata hivyo mti uleule ukikaushwa hutoa joto zaidi, moshi hupungua, na boila hufanya kazi vizuri. Katika eneo letu, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri katika miezi mingi, kuni zinahitaji kupasuliwa, kupangwa kwa nafasi ili upepo upite, na kuwekwa chini ya paa kwa miezi kadhaa.

Mwenye hisa ana haki ya kuuliza katika mkutano wa kiwanda chake: Je, tuna banda la kukaushia kuni? Kuni hukaa humo muda gani kabla ya kuchomwa? Tunatumia mita ngapi za ujazo kwa kila tani ya chai, na mwaka jana tulitumia ngapi? Kuuliza hivyo si kulaumu mtu, kwa kuwa majibu yake huonekana katika malipo ya mwisho wa mwaka.

Mkaratusi upandwe wapi?

Mkaratusi unakua haraka kwa sababu unakunywa maji mengi. Ukipandwa kilimani, mbali na chemchemi, ni akiba nzuri. Ukipandwa kwenye kinamasi au ukingoni mwa mto, unatunyang'anya maji ya nyumbani, ya mifugo na ya umeme. Hakuna maana ya kupata kuni za boila huku tukipunguza maji yanayoshuka hadi mitambo ya Sondu-Miriu.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe katika maeneo ya vyanzo vya maji. Mwaka huohuo Huduma ya Misitu Kenya (KFS) ilitoa mwongozo wa kupanda mikaratusi mashambani. Kanuni za mazingira zinataka ukingo wa mto uachwe kwa umbali wa mita 6 hadi 30, kutegemea upana wa mto, kuanzia alama ya juu ya mafuriko.

Kwa mkulima mwenye sehemu inayofaa, haya ndiyo ya kuzingatia:

- Miche ikipandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande, ekari moja huchukua takriban miche 640.
- Kwa kuni, miti huweza kukatwa ikiwa na miaka sita hadi minane. Kisiki huchipuka tena. Acha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, ukate mengine.
- Usipande mpakani bila kuzungumza na jirani. Kivuli na mizizi havijui mpaka, na mahindi yake yataumia.
- Kabla ya kukata na kusafirisha, pitia ofisi ya misitu iliyo karibu nawe uulize kuhusu kibali.

Mahali ambapo mkaratusi haufai, panda miti ya kienyeji au mianzi. Si kila kipande cha shamba lazima kitoe kuni.

Kuna sababu nyingine ya kupanda sasa. Mwezi wa Februari 2018 serikali ya kitaifa ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ikadumu kwa zaidi ya miaka mitano. Kiwanda au familia inayotegemea msitu wa Mau kwa kuni inategemea mlango unaoweza kufungwa wakati wowote, na ni haki ufungwe, kwa kuwa msitu huo ndio mama wa mito yetu na wa mvua ya chai yenyewe. Shirika la Nyayo Tea Zones lilianzishwa mwaka 1986 kwa nia hiyo: kuweka ukanda wa chai na miti ya kuni pembeni mwa misitu, ili watu wasiingie ndani zaidi.

Ethanoli: funzo kutoka Muhoroni

Ukishuka kutoka Kericho kupitia mashamba ya miwa ya Soin na Chilchila, unafika Muhoroni. Hapo ndipo Kenya ilipojaribu kulima petroli yake.

Kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kilianza mapema miaka ya 1980 kutengeneza ethanoli kwa molasi, yaani uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa. Kuanzia mwaka 1983 ethanoli hiyo ilichanganywa na petroli kwa kiwango cha asilimia 10, na magari yakaitumia bila shida kubwa. Mpango huo ulikwisha mwaka 1993.

Kwa nini haukuendelea? Bei ya mafuta duniani iliporomoka mwaka 1986, na ethanoli ikawa vigumu kushindana na petroli ya kuagiza. Mpango ulitegemea bei zilizopangwa na serikali. Kiwanda nacho kilikuwa na wanunuzi wengine wa ethanoli waliolipa vizuri zaidi. Tena molasi hutegemea miwa: viwanda vya sukari vikisimama, ethanoli nayo husimama.

Wengine waliendelea. Brazil ilianza mpango wake mwaka 1975, na leo petroli yake huchanganywa na ethanoli kwa zaidi ya asilimia 25. Malawi, nchi ndogo isiyo na bahari, imekuwa ikichanganya tangu 1982. Nchi hizo ziliendelea na mpango hata bei ya mafuta iliposhuka, na viwanda vyao vikawa na uhakika wa kuuza.

Tujue pia kipimo cha faida. Lita moja ya ethanoli ina takriban theluthi mbili ya kawi iliyo katika lita ya petroli. Kwa hivyo petroli ikichanganywa kwa asilimia 10, tunaokoa kama lita 7 kwa kila 100. Hiyo si ndogo kwa nchi inayotafuta dola, lakini haitufanyi tujitegemee kwa mara moja. Mkulima wa miwa wa Soin atafaidika na mpango kama huo ikiwa molasi italipiwa katika bei ya miwa yake, na hilo ndilo jambo la kudai mapema mjadala ukirudi.

Mbegu za mafuta: ahadi zinazohitaji kuchunguzwa

Katikati ya miaka ya 2000 wakulima wengi nchini waliambiwa kuhusu jatrofa, ambao pwani huitwa mbono kaburi. Ilisemekana kwamba hustawi katika ardhi mbovu, hauhitaji maji, na mbegu zake zitakamuliwa dizeli. Watu walipanda. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa katika mashamba ya wakulima wa Kenya, wakishiriki wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Kilimo-Misitu na Taasisi ya Utafiti wa Misitu (KEFRI), ulikuta mavuno kidogo mno. Ushauri wao ulikuwa wazi: mkulima mdogo asipande jatrofa kama zao la biashara, labda kama ua wa boma tu. Mmea unaweza kuishi kwenye ardhi mbovu, lakini kuishi si kuzaa.

Jaribio jipya zaidi liko Makueni. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu kama mbarika, kroton na pamba. Tofauti nzuri ni kwamba mnunuzi na mtambo vipo. Hata hivyo mafuta hayo husafirishwa hadi Italia kusafishwa. Mkulima anapata fedha, na hilo ni jema, lakini mafuta hayo hayapunguzi hata lita moja ya dizeli tunayoagiza. Kuuza mbegu nje ni biashara, na nchi kujitegemea kwa kawi ni jambo jingine. Mkulima anastahili kujua ni lipi kati ya hayo mawili analoletewa.

Akija mtu wadi yako na mbegu za mmea wa mafuta, muulize haya kabla ya kutia sahihi:

1. Nani atanunua, kwa bei gani, na bei hiyo imeandikwa kwenye mkataba?
2. Ni shamba gani lililo karibu, lenye udongo na baridi kama yetu, ambalo limeshavuna? Tunaweza kulitembelea?
3. Mavuno ya ekari moja, si ya mti mmoja bora, ni kilo ngapi kwa mwaka?
4. Zao hili litachukua nafasi ya nini? Mahindi, nepia, au chai?
5. Makapi yana sumu? Makapi ya mbarika, kwa mfano, hayafai kulishwa ng'ombe bila kusafishwa kitaalamu.
6. Mnunuzi akiondoka, naweza kuuza kwa nani mwingine?

Asiyeweza kujibu mawili ya kwanza hajawa tayari kufanya biashara nawe. Unaweza kupeleka mkataba kwa afisa wa kilimo wa wadi ausome kabla hujatia sahihi.

Jikoni: bayogesi kwa wenye ng'ombe

Kwa familia nyingi za Sotik, Bureti na Konoin zinazofuga ng'ombe wa maziwa zizini, kawi ya mimea iliyo karibu zaidi iko chini ya miguu ya ng'ombe.

Ng'ombe wawili wanaolishwa zizini hutoa kama kilo 40 za samadi kwa siku. Samadi hiyo ikichanganywa na maji kiasi sawa na kutiwa kwenye mtambo wa bayogesi, hutoa gesi ya kuwasha jiko moja kwa muda wa saa tatu hivi kila siku. Kwa mwezi hiyo ni sawa na zaidi ya mtungi mmoja wa kilo 13. Tope linalotoka ni mbolea nzuri ya nepia na mboga. Mama na watoto hupumzika moshi na safari za kutafuta kuni.

Lakini si kila boma linafaa. Ng'ombe wakichungwa malishoni mchana kutwa, samadi haikusanyiki. Maji yakiwa mbali, kazi huwa nzito. Katika sehemu zetu za juu zenye baridi, gesi hutoka polepole kuliko Soin, kwa hivyo mtambo uchimbiwe ardhini na uwekwe mahali penye jua. Tafuta fundi aliyejenga mitambo inayofanya kazi, ukaione kwanza. Na kwa hali yoyote, mtu asiingie ndani ya mtambo kuusafisha: gesi iliyo humo huua.

Asiye na ng'ombe anaweza kupunguza kuni kwa jiko lililoboreshwa na kwa kukausha kuni vizuri. Kanuni ya boila la kiwanda ni ileile kwa mafiga matatu ya nyumbani.

Nafasi yako katika mipango

Katiba ya mwaka 2010 inaacha sera ya kawi mikononi mwa serikali ya kitaifa, lakini kilimo ni kazi ya kaunti, pamoja na baadhi ya kazi za kawi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Mpango huo ndio unaopaswa kueleza kuni za viwanda zitatoka wapi, mikaratusi isipandwe wapi, na familia zisaidiwe vipi kuacha moshi.

Mipango hii hupitia vikao vya kushirikisha umma. Kikao kikitangazwa katika wadi yako, hudhuria. Njoo na maswali ya shamba lako: chemchemi iliyopungua, kuni zinazoozea mvuani kiwandani, au mkataba wa mbegu usioeleweka. Si lazima uwe mtaalamu wa kawi. Anayepeleka majani kiwandani na kuwasha moto jikoni kila asubuhi ana mengi ya kusema kuhusu kawi ya mimea.